Ugonjwa wa Mwinuko

Anayetoka Nyakato kwenda mjini Mwanza hupita Mabatini, ambako nyumba zimepandana juu ya mawe mpaka kileleni mwa kilima. Mama aliyepanda na ndoo ya maji kichwani hufika mlangoni kwake akihema. Mwulize kilichomchosha, atakwambia ni mwinuko. Kwa Kiswahili cha kila siku amesema sawa. Lakini mwinuko huo sio ule wa kwenye istilahi "ugonjwa wa mwinuko", na kuchanganya maana hizi mbili ni hatari kwa kijana yeyote wa Mwanza anayefunga safari ya Kilimanjaro akiamini kwamba aliyezoea vilima vya kwao hatishwi na mlima.

Ugonjwa wa mwinuko humpata mtu anayepanda haraka hadi mahali palipo juu sana kutoka usawa wa bahari, kwa kawaida kuanzia mita 2,500 hivi, kabla mwili wake haujapazoea. Kichwa kinauma, tumbo linachafuka, chakula hakipiti, usingizi hauji. Nguvu za misuli hazimkingi mtu. Mwenye mbio ndiye anayeweza kuumwa mapema, kwa kuwa huwahi kufika juu.

Kabla jambo hili halijaeleweka, mlima ulikuwa fumbo la kuogofya. Mmisionari Johannes Rebmann, aliyeiona theluji ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, alimuuliza kiongozi wake ule weupe ni kitu gani, akajibiwa kwa neno moja: baridi. Baadaye alisimuliwa na Wachaga habari za Mangi Rengua wa Machame, aliyewatuma watu wakachunguze kitu kile kilichong'aa kama fedha. Alirudi mmoja tu, mikono na miguu yake imeharibika. Walioisikia habari hiyo waliona mkono wa mizimu. Sisi leo tunautambua mkono wa baridi kali, ingawa hatuwezi kujua hao wengine waliangushwa na nini. Wakati huo huo, huko London, mwanajiografia Desborough Cooley alikataa katakata kwamba karibu na Ikweta kunaweza kuwa na theluji. Mwaka 1862 wasafiri Karl Klaus von der Decken na Otto Kersten waliupanda mlima huo hadi kama mita 4,280, theluji ikawaangukia usiku, wakageuza.

Kwingineko duniani watu walikuwa na maelezo yao. Kwenye milima ya Andes walilaumu mvuke wa madini yaliyomo ardhini. Himalaya walilaumu harufu za mimea. Wapo waliosema ni uchovu tu. Padri Mhispania José de Acosta ndiye aliyekaribia ukweli mapema. Aliugua vibaya akivuka milima ya Pariacaca huko Peru, na katika kitabu chake cha mwaka 1590 akaandika kwamba hewa ya kule ni nyembamba mno kwa pumzi ya binadamu. Karibu karne tatu zikapita bila mtu kulithibitisha hilo.

Uthibitisho wenye uchungu zaidi ulipatikana mahali pasipo mlima. Tarehe 15 Aprili 1875 Wafaransa watatu walipaa kwa puto lililoitwa Zénith, wakavuka mita 8,000. Walikuwa wameketi ndani ya kikapu. Hawakukwea jiwe wala kubeba mzigo. Walikuwa hata na mifuko ya oksijeni iliyoning'inia juu ya vichwa vyao, lakini walipoihitaji mikono ilikuwa imeshagoma kuinuka. Wawili walikufa. Aliyenusurika ni Gaston Tissandier. Miaka mitatu baadaye mwanasayansi Paul Bert alitoa kitabu kikubwa kilichoonyesha sababu: ukipanda juu, mgandamizo wa hewa, ambao vitabu vya fizikia huuita kanieneo, unapungua, na oksijeni inakosa msukumo wa kutosha wa kuingia kwenye damu.

Tuwe waangalifu hapa, maana mara nyingi huandikwa kwamba huko juu "hewa haina oksijeni". Sehemu ya oksijeni haibadiliki: ni asilimia 21 Kirumba, Mwanza, na ni asilimia 21 kilele cha Uhuru, mita 5,895. Ila pale Uhuru mgandamizo wa hewa ni karibu nusu ya ule wa Tanga au Dar es Salaam, kwa hiyo kila pumzi unayovuta inabeba kama nusu ya oksijeni.

Kanda ya Ziwa ina nafasi yake katika habari hii. Msafiri mpelelezi John Hanning Speke alipofika Mwanza tarehe 3 Agosti 1858 hakuwa na njia ya kuupima mwinuko wa Ziwa Victoria kwa kamba wala kwa jicho. Alichemsha maji, akasoma kipimajoto. Hewa ikipungua mgandamizo, maji hutokota kwenye joto dogo zaidi, na ukilijua joto hilo unaweza kukokotoa uko juu kiasi gani. Alipata futi 3,740, yaani mita 1,140. Vipimo vya leo vinasema mita 1,134 hivi. Teka maji Nyakato uyaweke jikoni: yatatokota kwenye nyuzijoto 96 hivi, si 100. Kwenye kibanda cha Kibo mlimani Kilimanjaro, mita 4,700 na ushee, yanatokota kwenye nyuzi 84 hivi, na ndiyo maana maharage ya kule unaweza kuyapalilia moto kutwa nzima na yasiive sawasawa. Basi mkazi wa Mwanza tayari anaishi kwenye mwinuko, hata akilala kwenye kiwanja tambarare kabisa. Bahati mbaya mita 1,134 ni chache mno kumpa kinga.

Sasa turudi kwenye jina. Wapo wanaosema "ugonjwa wa milima". Silikubali, kwa sababu waliokufa kwenye Zénith hawakuwa mlimani, na mtu anaweza kupanda milima ya Usambara maisha yake yote asiuone ugonjwa huu. "Ugonjwa wa kimo" nao unapotosha. Kimo cha kitu hupimwa kutoka pale kiliposimama, na kimo cha Kilimanjaro ukipima kutoka Moshi mjini hakifiki mita 5,895. Mwili haujali mlima umeanzia wapi, unajali umbali kutoka usawa wa bahari. Neno lililobeba maana hiyo katika somo la jiografia ni mwinuko, kwa hiyo "ugonjwa wa mwinuko" ndiyo istilahi bora, mradi kila anayeitumia aeleze mara ya kwanza kwamba mwinuko huu unaanzia baharini.

Linalonipa wasiwasi zaidi ni jina la ile hali ya mwili kujirekebisha. Wengi huandika "uzoefu wa mwinuko". Uzoefu ni ujuzi aliokusanya mtu kwa miaka, na haumtoki. Mwili kuzoea ni jambo jingine: pumzi zinaongezeka, figo zinarekebisha damu kwa siku kadhaa, chembe nyekundu zinaongezeka kwa majuma, na mtu akishuka akakaa chini, yote hayo hupotea taratibu. Kiongozi wa wapandaji mwenye uzoefu wa miaka ishirini akikaa nyumbani msimu mzima, anaporudi mlimani mwili wake unaanza upya. Kwa hiyo napendelea tukiache kitenzi kifanye kazi yake: kuzoea mwinuko.

Mpanda milima Hans Meyer alilijifunza hili kwa kushindwa. Mwaka 1887 aliishia kwenye barafu ya Kibo, kilele kirefu cha Kilimanjaro. Aliporudi mwaka 1889 na mwenzake Ludwig Purtscheller alipanga kambi za chakula kuanzia Marangu hadi kambi ya juu ya mita 4,300 hivi, ili wakae juu kwa siku nyingi bila kulazimika kushuka. Tarehe 3 Oktoba walifika ukingo wa kreta wakiwa hoi, wakarudi kambini. Tarehe 6 wakasimama kileleni. Aliyekaa nao kambi ya juu kwa zaidi ya majuma mawili ni Mwini Amani wa Pangani, mtu wa pwani, aliyelala kwenye baridi ya kuganda huku nyumbani kwao bahari iko mlangoni. Vitabu vingi vinampa mstari mmoja. Binafsi namhesabu miongoni mwa watu wa kwanza wanaojulikana kwa jina waliozoea mwinuko wa Kilimanjaro, na anastahili kufundishwa pamoja na hao wawili.

Njia ya Marangu leo inamtoa mtu kibanda cha Mandara, mita 2,700, hadi Horombo, 3,720, kisha Kibo, kila siku kama mita elfu moja. Madaktari wa milimani hushauri kwamba ukishapita mita 3,000, usipandishe mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa siku. Siku ya ziada Horombo, kupanda mchana na kurudi kulala pale pale, ina gharama, na ningemsihi kila anayeweza ailipie. Mwenzako akianza kuyumba kama mlevi au kuongea yasiyoeleweka, ubongo wake unavimba. Akikohoa povu lenye rangi ya damu, mapafu yanajaa maji. Hapo hakuna kusubiri asubuhi wala kumpa dawa ya kichwa mkaendelea kupanda. Mshusheni usiku huo huo, kwa machela ikibidi, na asiachwe ashuke peke yake.