Jinsi ya kutayarisha mahali pa kujengea ghala kwenye udongo wa mfinyanzi

Makanisa yetu mengi ya mashariki yana shamba la pamoja, na mengi yangependa kuwa na ghala la mavuno au zizi la ng'ombe. Kwa kawaida tunaanza na mabati na matofali, tukiulizana yatapatikana wapi na nani atayatoa. Swali la udongo ulio chini linakuja mwisho, na mara nyingine haliulizwi kabisa.

Tunaandika haya kwa sababu tuliona kanisa moja likipoteza mavuno. Ghala lake lilijengwa kwa sadaka za miaka 2, mahali pa chini karibu na bonde, juu ya udongo mzito uliosawazishwa kwa siku 1 tu. Mvua za kwanza zilipopita, sakafu ilipasuka katikati. Msimu wa pili ukuta mmoja uliachana na mwenzake, na maji yakapanda kutoka chini. Magunia ya maharagwe ambayo akina mama waliweka kwa mbegu yakaota na kuoza. Wengine walisema fundi ameiba simenti, wengine wakasema kuna mtu amelaani mahali pale. Lakini fundi hakuiba, na hapakuwa na laana. Udongo ulifanya tu kile ambacho udongo wa namna ile hufanya siku zote.

Udongo wa mfinyanzi unafanya nini

Chembe za udongo huu ni ndogo sana, na zinashika maji. Ukilowa, unavimba na kulainika. Ukikauka, unasinyaa na kupasuka. Katika milima ya Kivu mvua huanza mwezi wa 9 na kuendelea hadi mwezi wa 5, kisha kunakuja ukavu wa mwezi wa 6 hadi wa 8. Kwa hiyo kila mwaka jengo linainuliwa na kushushwa. Lingekuwa linainuliwa sawasawa pande zote, lisingeumia sana. Shida ni kwamba upande mmoja unalowa kuliko mwingine, na hapo kuta zinapasuka.

Si kila udongo wa mfinyanzi una nguvu ileile ya kuvimba. Udongo mwekundu wa vilimani kwa kawaida hauvimbi sana, na ukishindiliwa vizuri unabeba jengo dogo bila shida. Udongo mweusi au wa kijivu wa mabondeni ndio wa kuogopa, hasa ukionyesha nyufa pana wakati wa ukavu. Ndugu zetu wa Goma wana kazi nyingine, kwani wengi wao wanajenga juu ya mawe ya volkano. Mashauri haya ni hasa kwa wale wa vilimani na wa mabondeni.

Kupima udongo bila mashine

Chimbeni shimo la mita 1 mahali mnapotaka kujenga, mchukue udongo ulio chini ya ule mweusi wa kulimia, kisha mfanye majaribio 3.

La kwanza ni la mkono. Lowesheni udongo kidogo, muukande, kisha muusukume kati ya kidole gumba na kidole cha shahada utoke kama utepe. Utepe ukikatika kabla ya sentimita 2, udongo una mchanga mwingi. Ukipita sentimita 5 bila kukatika, mfinyanzi ni mwingi.

La pili ni la chupa. Jazeni udongo hadi theluthi ya chupa nyeupe, ongezeni maji na chumvi kidogo, tikiseni sana, kisha muiache chupa mahali isipoguswa. Mchanga unatua chini katika dakika ya kwanza. Udongo laini wa katikati unatua katika saa chache. Mfinyanzi unatua juu ya yote, baada ya siku nzima au zaidi. Hapo mtaona kwa macho kila aina ni kiasi gani.

La tatu ni la shimo lenyewe. Mwageni maji ndani yake jioni. Yakiwa bado yamesimama kesho yake asubuhi, jueni kwamba maji ya mvua nayo hayatazama. Lazima yaonyeshwe njia ya kuondokea.

Kuchagua mahali

Chagueni mahali pa juu kidogo, penye mteremko mdogo. Epukeni chini ya mlima uliokatwa, kando ya korongo, na mahali penye chemchemi. Msijenge karibu na miti mikubwa kama mikaratusi, maana mizizi yake inavuta maji na kuukausha udongo upande mmoja. Mti wa mita 10 uachiwe umbali wa mita 10 hivi.

Tena, hakuna kazi ya udongo inayoweza kushindana na mto. Tunakumbuka Mei 2023, maji yaliposhuka juu ya Bushushu na Nyamukubi katika Kalehe na kuchukua watu wengi. Na katika Bukavu tunajua jinsi ardhi ya Funu inavyoteleza na nyumba zilizo juu yake. Mahali pakiwa na historia kama hiyo, tafuteni pengine, hata kama kiwanja kimetolewa bure.

Jukwaa la udongo

Jengo linapaswa kukaa juu ya jukwaa la udongo lililoinuliwa na kushindiliwa. Kazi hii ianze mwezi wa 6, mvua zikiisha. Hatua zake ni hizi.

1. Pimeni jukwaa liwe kubwa kuliko jengo kwa mita 1 kila upande. Ghala la mita 8 kwa 6 linahitaji jukwaa la mita 10 kwa 8.

2. Chimbeni kwanza mfereji upande wa juu wa mteremko, ili maji ya mlimani yazunguke na kupita pembeni. Kazi hii ifanyike kabla ya nyingine zote, hata kama mnaona ni wakati wa ukavu.

3. Ondoeni udongo wote mweusi wenye mizizi, majani na samadi. Mara nyingi ni sentimita 20 hadi 30. Vitu hivyo vikioza chini ya jengo vinaacha nafasi tupu, na sakafu inashuka. Udongo huo msiutupe, ni mali ya bustani.

4. Tembeeni mahali pote kwa miguu mkikanyaga kwa nguvu. Panapobonyea, chimbeni hadi mfike pagumu, kisha mjaze tena kwa tabaka. Mahali pakiwa na mteremko, kateni ngazi pana kabla ya kuweka udongo mpya. Udongo uliowekwa juu ya mteremko usiokatwa ngazi unaweza kuteleza wote pamoja.

5. Leteni udongo wa kujazia. Ulio bora ni udongo mwekundu wenye changarawe, ule unaowekwa barabarani. Msijazie kwa udongo mweusi, wala kwa takataka za ujenzi zenye mbao na mifuko.

6. Tandazeni tabaka la sentimita 15, mlishindilie hadi libaki kama sentimita 10, kisha mfuate na jingine. Kumwaga udongo wote mara moja na kupiga juu tu ni kujidanganya, kwa sababu nguvu za mikono hazifiki chini. Chombo cha kushindilia kinaweza kuwa gogo zito lenye mishikio, au kopo kubwa lililojazwa zege na kutiwa mti. Kila mahali papigwe mpaka chombo kiruke na kutoa sauti ngumu.

7. Angalieni unyevu kila mara. Finyangeni udongo mkononi uwe tonge, muuangushe kutoka usawa wa kiuno. Ukivunjika vipande vichache, unyevu unafaa. Ukisambaa kama vumbi, nyunyizeni maji. Ukibaki umebandika chini kama ugali, ngojeni ukauke. Mvua ikitishia jioni, funikeni kwa shitingi.

8. Tabaka la mwisho liwe na mwinamo mdogo kutoka katikati kwenda kando, sentimita 2 kwa kila mita. Nje ya kuta mwinamo uwe sentimita 5 kwa mita. Kwa kupima, mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani unatosha, na mafundi wetu wengi wanaujua.

Hesabu ya udongo

Yesu mwenyewe alitukumbusha kwamba anayetaka kujenga huketi kwanza na kuhesabu gharama. Tuhesabu basi. Jukwaa la mita 10 kwa 8 lina eneo la mita za mraba 80. Likiinuliwa sentimita 40, linahitaji mita za ujazo 32 za udongo ulioshindiliwa. Lakini udongo unaoletwa na lori umelegea, kwa hiyo ongezeni karibu theluthi moja: mita za ujazo 42 hivi. Lori la mita za ujazo 7 litakuja mara 6. Sentimita 40 ni tabaka 4, na kila tabaka ni salongo ya kanisa zima. Wagawanye wanaobeba, wanaotandaza, wanaopiga na wanaonyunyizia maji.

Makosa tunayoyaona mara nyingi

La kwanza ni kuchimba shimo katika udongo wa mfinyanzi na kulijaza mchanga, mkifikiri mchanga ni mgumu. Shimo hilo linakuwa bakuli. Maji yanaingia katika mchanga na hayana pa kutokea, na chini yake mfinyanzi unavimba. Inueni jukwaa juu ya ardhi, msilizike. Mkitaka kuweka mawe au changarawe chini ya sakafu, hakikisheni sehemu ya chini ina mwinamo na njia ya kutokea nje.

La pili ni kujenga nusu ya ghala juu ya udongo uliokatwa na nusu juu ya udongo uliojazwa. Nusu moja inakaa, nyingine inashuka, na ufa unapita palepale mpakani.

La tatu ni kufikiri kwamba jukwaa ni msingi. Jukwaa linabeba sakafu na kuondoa maji. Msingi wa kuta za matofali unapaswa kuchimbwa kupita udongo uliojazwa na kufika kwenye ardhi ya asili iliyo ngumu. Nguzo za miti za zizi vilevile. Mkiweza, acheni jukwaa lipitiwe na msimu 1 wa mvua kabla ya kujenga kuta nzito. Mahali patakaposhuka mtapaona na kupajaza mapema.

La nne ni chokaa bila maarifa. Ni kweli chokaa inaupunguzia udongo wa mfinyanzi hali ya kuvimba, lakini lazima ichanganywe vizuri na kwa kipimo, nayo inachoma macho na ngozi. Msiitumie bila fundi anayeijua, na watoto wakae mbali.

Baada ya kujenga

Maji ya bati ndiyo adui aliye karibu zaidi. Paa la mita 9 kwa 7 likipata mvua ya sentimita 1 tu linatoa lita 630. Yakimwagika kando ya ukuta, kazi yote inaharibika. Wekeni mfereji wa bati na pipa au tanki. Ng'ombe watakunywa humo. Kando za jukwaa ziteremke polepole, mita 2 kwenda nje kwa kila mita 1 ya kimo, na zipandwe pasipalumu au nyasi nyingine zinazoshika udongo. Kila mwaka kabla ya mwezi wa 9, mashemasi wapite na majembe kusafisha mifereji. Mfereji uliozibwa ni sawa na mfereji usiokuwapo.

Tunaujua vizuri mfano wa wajenzi wawili. Katika Injili ya Luka, yule mwenye busara alichimba, akaenda chini sana, mpaka akafika kwenye mwamba. Mara nyingi tunahubiri habari ya mwamba na kusahau kule kuchimba. Kuchimba ni kazi isiyoonekana. Siku ya kufungua ghala hakuna mgeni atakayesifu udongo ulio chini ya sakafu, na hakuna atakayekumbuka ni nani waliopiga tabaka la kwanza.

Lakini mjane aliyeleta gunia lake la mbegu atalikuta kavu siku ya kupanda. Kanisa lile tulilolitaja limeanza tena, mahali pa juu zaidi. Safari hii walianza na mfereji. Tuwaombee, na tukienda kujenga, tuanze kama wao.