Daraja za Kijivu

Neno kijivu limezaliwa na jivu la mekoni, nalo katika mazungumzo ya kila siku hutaja rangi moja tu. Walakini mchoraji wa majalada ya vitabu vya kielektroniki, ambaye kazi yake itatazamwa katika kioo kisichojua nyekundu wala buluu, hana budi kulifahamu kwa wingi, maana baina ya weusi na weupe mna vituo vingi, na vituo hivyo ndivyo viamuavyo kama jina la kitabu litasomeka ama litazama.

Mfasiri mwenye haraka aweza kuviita vituo hivyo "mizani ya kijivu". Mimi siliafiki neno hilo, kwa kuwa mizani hupima uzito, na kwa washairi huhesabu silabi, ilhali hapa muradi wetu ni kupanda na kushuka. Daraja, kwa maana yake ya cheo na ngazi, lakidhi haja hiyo barabara, hata kama msikilizaji atakumbuka kwanza daraja la mtoni. Tena daraja huhesabika: Kindle ya kwanza, kifaa cha kusomea vitabu vya kielektroniki cha mwaka 2007, ilikuwa nazo 4 tu, na ya pili, ya mwaka 2009, ikapata 16, zote zikifanywa kwa chembe nyeusi na nyeupe zinazosukumwa na umeme ndani ya wino wa kielektroniki.

Sasa itazame hatari. Katika hesabu iliyozoeleka ya kugeuza rangi kuwa kijivu, weusi ni 0 na weupe ni 255, na kijani huchangia takriban sehemu 59 katika mia, nyekundu 30, na buluu 11 tu, kwa kuwa ndivyo jicho la mwanadamu lipokeavyo mwangaza. Basi mchoraji aliyeandika jina la kitabu kwa nyekundu kali juu ya kijani cha majani mabichi kilichopunguzwa nguvu nusu, akaridhika kwamba rangi hizo zapigana waziwazi, hajui kwamba nyekundu yake ni 76 na kijani chake ni 75, nazo zote mbili zimeangukia daraja moja katika zile 16, hata msomaji asione herufi yoyote. Herufi zizo hizo zikitiwa manjano kali hupanda hadi 226, na baina yake na usuli ule ule wa kijani huwapo daraja 9.