Anti Shujaa au Mhusika Tata?

Kwetu Manga, huku Gusii, neno anti lina kazi yake tayari. Anti ni shangazi, yule anayefika Desemba na mkoba uliojaa mikate, akishaketi sebuleni haondoki mpaka taarifa ya habari iishe. Kwa hiyo binti wa kaka yangu, aliye kidato cha tatu, aliposoma kwa sauti swali la fasihi lililotaja "antishujaa", dada yangu mkubwa aliyekuwa akichambua mboga za chinsaga aliinua kichwa.

"Anti gani huyo shujaa?"

Tulicheka mpaka mboga zikamwagika. Baadaye usiku nikaona kwamba swali lake lilikuwa zuri kuliko lile la kitabuni. Kiambishi tulichokiazima hakimwambii msikilizaji Mswahili chochote, na pale kinapomwambia kitu, kinamwambia habari za shangazi.

Neno lenyewe limetoka kwa Waingereza, antihero, na wao wanalo tangu mwanzo wa karne ya 18. Aliyelipa uzito katika fasihi ni Mrusi, Fyodor Dostoevsky, katika kitabu chake kifupi cha 1864 kinachosimuliwa na mtumishi mstaafu wa serikali. Mtu huyu ana kinyongo, anajifungia chumbani, anawachukia watu na kujichukia, na kuelekea mwisho anakiri mwenyewe kwamba ndani yake zimekusanywa sifa zote za mtu asiye shujaa. Hakuua mtu. Hakunywa damu. Alichokosa ni ushujaa: ujasiri, shabaha, moyo wa kutenda. Kwetu yuko Kazimoto wa Kichwamaji, riwaya ya Euphrase Kezilahabi ya 1974, msomi wa chuo kikuu ambaye elimu yake inamfikisha kwenye utupu na mwishowe anajiua.

Kwa mtu wa aina hiyo sihitaji "anti". Wanaisimu wetu walikwisha kutupa neno kapa. Mwanafunzi yeyote wa Kiswahili anajua mofimu kapa, ile ambayo nafasi yake ipo lakini haina umbo. Basi Kazimoto ni shujaa kapa: amekalia nafasi ya shujaa katika hadithi, na ushujaa haupo. Hapo sina ubishi mkubwa na mtu.

Ubishi unaanza runinga ikiwashwa.

Jioni ile niliwawekea filamu ya zamani niliyokuwa nayo kwenye flashi, Living in Bondage, ile ya Kiigbo ya 1992 ambayo wengi huihesabu kuwa ndiyo iliyoufungulia njia uchumi wa video wa Nigeria. Andy Okeke ni kijana aliyechoka na umaskini. Anaingizwa katika jamii ya siri ya matajiri na kuambiwa atoe kafara, na kafara yenyewe iwe mtu anayempenda. Anajaribu kuwadanganya wakubwa wake kwa kumpeleka kahaba, Tina, mahali pa mkewe. Tina analitaja jina la Yesu na hila inaharibika. Ndipo Andy anamtoa mkewe, Merit. Fedha zinakuja. Merit naye anakuja, safari hii akiwa mzimu. Andy anapata wazimu, anaishia barabarani, na anayemwokota na kumpeleka kanisani ni yule yule Tina, sasa ameokoka.

Sebule iligawanyika mara moja. Jirani yetu, mzee wa kanisa la Waadventista, aliridhika: mtu ametubu, kwisha. Binti alimhurumia Andy tangu mwanzo, kwa sababu alimwona akisitasita. Alisema mtu mbaya kabisa asingehangaika kutafuta mbadala wa mkewe. Dada yangu alimkata: huo mbadala si ng'ombe, ni mwanamke mwingine. Kusitasita kwake kulikuwa kuchagua nani afe.

Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi, maana linaonyesha kwamba watazamaji wawili wanaweza kukitazama kitendo kimoja, mmoja akaona dhamiri na mwingine akaona hila, na filamu ikawapa wote ushahidi.

Binti naye ana wake. Amepitia karibu misimu yote minane ya The Vampire Diaries, tamthilia ya Marekani iliyorushwa kuanzia 2009 hadi 2017, aliyonunua kipindi kwa kipindi katika duka la muvi mjini Kisii. Anamtetea Damon Salvatore kama ndugu. Damon huyu anaua, anageuza watu kuwa wanyonya damu, na siku moja, kwa hasira ya kukataliwa, anamvunja shingo mdogo wa msichana anayempenda. Kijana anapona kwa pete ya uchawi tu. Tena ni Damon huyo huyo anayejitupa hatarini kwa ajili ya msichana huyo. Darasani kwao, anasema, wasichana walikuwa kambi mbili, ya Damon na ya mdogo wake mpole, Stefan, na kambi hizo hazikuombana radhi.

Nilimuuliza angemwitaje Damon kwa Kiswahili. "Mnyonya damu." Nikamkumbusha kwamba Kiswahili kina neno la zamani zaidi, mumiani. Alinyamaza. Mumiani ni yule aliyewafanya watu wa pwani na wa Nairobi enzi za ukoloni waogope kutembea usiku, wakaamini kwamba wazimamoto wa serikali wanakamata watu na kuwatoa damu. Huwezi kumpenda mumiani. Hakuna msichana atakayejiunga na kambi ya mumiani. Kumbe kabla mtazamaji hajaamua lolote, mfasiri amekwisha kumwamulia nusu.

Hata watoto wa video wana istilahi yao. Kuna stelingi na kuna adui, na kanuni kuu ni kwamba stelingi hadedi. DJ Afro, mtu aliyewasimulia Wakenya filamu za kigeni kwa Kiswahili cha mtaani hadi zikawa kama za kwetu, na kabla yake Lufufu kule Dar es Salaam, kazi yao inawalazimu kumtaja kila anayeingia kwenye kioo. Msimulizi wa namna hiyo hana nafasi ya kusema "huyu bado hatujui". Risasi zinaita. Mtu awe upande huu au ule, upesi. Sidhani kama hilo ni kosa lao. Ndiyo sarufi ya filamu za ngumi. Lakini Andy hana mahali katika sarufi hiyo. Ni stelingi ambaye ni adui, na aliyekufa si yeye.

Nisingelichukulia jambo hili kwa uzito kama lingekuwa la runinga peke yake. Ukingo wa Manga uko mpakani, Nyamira upande mmoja na Kisii upande mwingine, na katika nchi hii inayoonekana kutoka juu yake majina yana gharama. Mei 2008 watu 11, wengi wao wanawake wazee, waliuawa kwa kuchomwa moto huku Kisii baada ya kuitwa wachawi. Oktoba 2021 wanawake wanne waliuawa hivyo hivyo Marani. Omorogi, kwa Ekegusii, ni neno lisilo na nusu. Halina "lakini" ndani yake. Ukishaitwa, hakuna anayeuliza kama ulisitasita.

Na hapa dada yangu alinishangaza. Yeye aliyemkatalia Andy hata chembe ya huruma ndiye yule yule ambaye, kila filamu ya Kinigeria inapomleta bibi kizee mwenye macho mekundu na sauti ya kukwaruza, huuliza: "Nani alimwona?" Zamani, Afrosinema ya Citizen ilipokuwa ikitukusanya sebuleni, tulimwona kama mtu wa kuharibu utamu. Sasa amevuka miaka 60 na nadhani namwelewa. Andy tulimwona kwa macho yetu akimtoa mkewe. Yule bibi tuliambiwa tu, na ngoma ikapigwa ili tuogope. Dada ni mkali kwa aliyeonyeshwa na mpole kwa aliyesingiziwa, na huo ni utazamaji wa makini kuliko wetu sisi tuliosomea fasihi.

Basi tumwite nani mtu kama Andy, au kama Damon?

"Shujaa hasi" limejaribiwa. Lina harufu ya hesabu. Jagina, neno linalopendwa katika vitabu vya sekondari Kenya, linambeba shujaa wa kweli vizuri, lakini ukilitia kiambishi chochote mbele linalegea. "Ndumakuwili" ni tamu mdomoni, ila limekwisha kuhukumu: ndumakuwili ni mnafiki, anajua anachofanya na anakuficha. Andy hatufichi sisi watazamaji kitu, na hata nafsi yake ameshindwa kuificha. Nilivutiwa muda mrefu na "mhusika njia panda", kwa sababu njia panda ndipo watu huku kwetu huogopa kukanyaga vitu vilivyotupwa usiku, na tamthilia za mizimu zingelistahili. Tatizo ni kwamba istilahi lazima izae. Mhakiki atahitaji kuitaja ile hali yenyewe, na "unjiapanda" halipiti kooni. "Shinda", kile chombo kisichojaa, lingefaa sana, lakini vitabu vya shule vimelitwaa kwa ajili ya mhusika aliye katikati ya bapa na duara, yule anayemtegemea mhusika mkuu. Tukilitwaa tena, mtahiniwa ndiye atakayeumia.

Kura yangu ni mhusika tata.

Sababu ni sentensi tata. Kila mtoto aliyepita darasani amewahi kuulizwa maana za "Nipe sahani ya kulia". Ya mkono wa kulia, au ya kulia chakula? Mwalimu hasemi kwamba moja ni ya kweli na nyingine ni ya wajinga. Anataka zote, na anayetaja moja anapoteza alama. Utata haumo katika ukaidi wa wasomaji; umo katika sentensi. Ndivyo ilivyo kwa Andy. Anayemhurumia na anayemlaani wote wamesoma sawasawa, kwa kuwa mwandishi aliziweka maana zote mbili ndani ya mtu mmoja. Na neno linazaa bila uchungu: tata, utata, kutatanisha, kutatua.

Najua pingamizi. Magazeti yetu yamelizoea "mwanasiasa mwenye utata" kwa maana ya anayezusha mabishano. Hapo inabidi tutenganishe vitu viwili ambavyo Kiingereza cha wahakiki wa runinga huvichanganya. Mtazame Moraa wa Ng'iti, mwonaji wa Wagusii, anayekumbukwa kwa kumchochea Otenyo Nyamaterere, aliyemchoma mkuki mtawala Mwingereza Northcote mwaka 1908. Kwa Waingereza alikuwa mchawi mchochezi. Kwa Wagusii ni shujaa. Watu wanamgombania hadi leo, lakini masimulizi hayamwonyeshi akigombana na nafsi yake. Huyo ni mtu anayezozaniwa. Kisha mtazame Kinjeketile wa Ebrahim Hussein, katika tamthilia ya 1969. Pepo limempanda, ametoa maji ya kuwakinga wapiganaji, watu wameyaamini, kisha shaka linamwingia juu ya maji yenyewe. Mwishoni, akiwa mikononi mwa Wajerumani, anatakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa, kwa kuwa neno hilo lingewafikia watoto watakaokuja na kuwakatisha tamaa ya kupigana. Je, ni mkweli au mwongo? Hussein ameiandika sentensi ile ya sahani. Kinjeketile ni mhusika tata, na kwa maoni yangu ndiye mkubwa wao wote katika Kiswahili, miongo mingi kabla ya Damon kuota meno kwenye runinga.

Liko pingamizi jingine, la nyumbani. Kwa Ekegusii tata ni baba. (Na baba, ili mambo yasiwe rahisi, ni mama. Mtoto wa Manga anayeanza Kiswahili shuleni hukutana na sentensi tata siku ya kwanza, mwalimu anapoandika ubaoni "Baba analima".) Nilipomweleza dada istilahi yangu mpya alicheka mara ya pili kwa wiki hiyo. Tumetoka kwa anti shujaa, akasema, tumefika kwa mhusika baba. Nikamjibu kwamba angalau safari hii watakaochanganyikiwa ni sisi wa Gusii peke yetu, na sisi tumezoea.

Alirudi kwenye mboga zake. Kisha, bila kuinua kichwa: "Sawa, awe mtata. Lakini Merit hakufufuka."

Walimu wa kidato cha tatu na cha nne, lijaribuni neno hili darasani kabla halijafika kwenye kamusi. Waonyesheni wanafunzi Kinjeketile au Andy, waulizeni sahani ni ya kulia gani, na msimpe alama zote anayeleta jibu moja. Mwenye neno zuri kuliko hili na alilete. Namwomba tu lisianze na anti.