Viza na Kibali cha Ukaazi nchini Ujerumani

Ukaazi wa wageni nchini Ujerumani huongozwa na Sheria ya Ukaazi, iliyoanza kutumika Januari 1, 2005. Mtanzania au Mkenya anayehamia huko hupitia ofisi mbili: ubalozi wa Ujerumani humpa viza ya kuingilia, kisha ofisi ya wageni ya mji anakofikia humpa kibali cha kuishi.

Aina za viza

Viza ya Schengen, yenye alama C, ni ya matembezi na shughuli fupi: siku zisizozidi 90 katika kila siku 180. Anayekwenda kusoma, kufanya kazi au kuungana na mwenzi wake huomba viza ya kitaifa, alama D, ambayo ada yake ya kawaida ni euro 75. Kwa kawaida viza ya C haigeuzwi kuwa kibali cha ukaazi. Mwenye nayo hutakiwa kurudi kwao na kuomba upya.

Masharti ya ombi

Kila mwombaji huonyesha pasipoti hai, bima ya afya na uwezo wa kujikimu. Mwanafunzi asiye na mfadhili huweka fedha katika akaunti iliyozuiwa. Tangu Septemba 2024 kiwango chake kimekuwa euro 11,904 kwa mwaka, nazo hutolewa euro 992 kila mwezi. Mwajiriwa mwenye taaluma huleta mkataba wa kazi na uthibitisho kwamba vyeti vyake vinatambuliwa. Asiye na mwajiri anaweza kuomba Kadi ya Fursa, iliyoanza Juni 1, 2024; humruhusu kutafuta kazi kwa hadi mwaka mmoja huku akifanya kibarua cha saa zisizozidi 20 kwa wiki.

Baada ya kuwasili

Mgeni husajili makazi yake ndani ya wiki mbili tangu kuhamia, akiwa na barua ya mwenye nyumba. Kisha huomba kibali kabla ya viza kuisha. Akiwahi, ukaazi wake hubaki halali hadi uamuzi utolewe, hata ofisi ikichelewa, naye hupewa hati ya muda. Tangu Septemba 2011 kibali hutolewa kama kadi yenye chipu inayohifadhi picha na alama za vidole.

Ukaazi wa kudumu na uraia

Kanuni ya jumla ya ukaazi wa kudumu ni miaka 5, michango ya pensheni ya miezi 60 na ufahamu wa Kijerumani. Mwenye Kadi ya Buluu ya Ulaya, yaani kibali cha wataalamu wenye elimu ya juu, husubiri miezi 27, au 21 akifikia kiwango cha B1 cha Kijerumani. Uraia huweza kuombwa baada ya miaka 5, na tangu Juni 27, 2024 Ujerumani haimlazimishi mwombaji kuukana uraia wake wa awali. Katiba ya Kenya ya 2010 nayo inaruhusu uraia pacha. Sheria ya Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa nao.