Ulemavu wa akili: haki ya mtu mzima kujisemea mwenyewe

Katika mitaa kama Nyakabiga, mjini Bujumbura, ambako nyumba zimekaribiana na majirani wanajuana kwa majina, kuna watu wazima ambao hadi leo huitwa watoto. Huchota maji, hufagia ua na hutumwa dukani, lakini linapozungumzwa jambo linalowahusu, huulizwa mama au kaka. Wao wenyewe hawaulizwi. Ni watu wenye ulemavu wa akili. Makala hii inaeleza ulemavu huo ni nini, kujitetea kuna maana gani, sheria za Burundi zinasema nini, na kwa nini shughuli za kawaida za mtaa ni mahali pazuri pa kuanzia.

Ulemavu wa akili si wazimu

Mtu mwenye ulemavu wa akili hujifunza polepole kuliko wenzake. Anaweza kupata shida kufuata maelezo marefu, kuhesabu pesa, kusoma au kupanga shughuli za siku. Hali hiyo huanza kabla ya utu uzima na hudumu maisha yote. Wataalamu hukadiria kuwa takriban mtu 1 kati ya 100 duniani anaishi nayo.

Sababu zake ni nyingi. Wengine huzaliwa na hali ya Down. Wengine walikosa hewa wakati wa kuzaliwa, au waliugua homa ya uti wa mgongo au malaria kali iliyodhuru ubongo. Upungufu wa madini joto kwa mama mjamzito nao unaweza kumwathiri mtoto. Mara nyingi chanzo hakifahamiki. Si laana, si uchawi, wala si adhabu kwa wazazi.

Ugonjwa wa akili ni jambo jingine. Huo unaweza kumpata mtu yeyote katika umri wowote, na mara nyingi hutibika. Ulemavu wa akili hauna dawa ya kuuondoa. Anachohitaji mwenye ulemavu huo ni muda, maelezo mepesi na watu wa kumsaidia. Maneno kama taahira, punguani na zezeta hayaelezi hali yake. Yanamvunjia heshima tu.

Kujitetea kulianza vipi

Kujitetea maana yake ni mtu kueleza mwenyewe anachotaka na asichotaka, kuzijua haki zake, na kuomba msaada pale anapouhitaji. Si lazima aweze kusema kwa ufasaha. Wapo wanaotumia picha, ishara au maneno machache.

Mwaka 1970, katika mji wa Malmö nchini Sweden, vijana wenye ulemavu wa akili walifanya mkutano wao kujadili makazi, kazi na burudani. Mwaka 1974, katika jimbo la Oregon nchini Marekani, wengine waliunda chama na kukiita People First, yaani "watu kwanza", kwa kuwa walichoka kutajwa kwa ulemavu wao kabla ya utu wao. Vyama vya aina hiyo vilienea katika nchi nyingi.

Mfano unaofahamika zaidi ni wa Robert Martin wa New Zealand. Aliumia ubongo wakati wa kuzaliwa na akapelekwa kulelewa katika taasisi akiwa mtoto mdogo. Alipokua, alishiriki katika majadiliano ya Umoja wa Mataifa yaliyozaa Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa Desemba 2006. Mwaka 2016 alichaguliwa kuwa mjumbe wa kamati inayosimamia mkataba huo, akiwa mtu wa kwanza mwenye ulemavu wa akili kushika nafasi hiyo. Alifariki dunia mwaka 2024.

Afrika Mashariki nayo ina mifano. Zanzibar kuna jumuiya ya watu wenye ulemavu wa akili inayojulikana kwa kifupi ZAPDD, iliyoanzishwa mwaka 1999. Kenya kuna chama cha KAIH, kilichoanzishwa na wazazi katika miaka ya 1990. Huko wazazi ndio waliofungua njia, kisha wenye ulemavu wenyewe wakaanza kupata nafasi ya kuzungumza.

Hatua hiyo si rahisi kwa mzazi. Aliyemlea mwanawe kwa miaka 30 huku jamaa wakimcheka anaona ana kila sababu ya kumsemea. Hata hivyo, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Tena mzazi hataishi milele. Siku atakapofariki, mtu ambaye hajawahi kuulizwa lolote atakutana na ndugu wanaogawana nyumba na mali bila kumwita kikaoni.

Sheria inasema nini

Kifungu cha 22 cha Katiba ya Burundi kinakataza ubaguzi kwa misingi mingi, ikiwemo ulemavu wa mwili au wa akili. Mwaka 2014 Burundi iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na Januari 2018 ikapata sheria ya kukuza na kulinda haki za watu hao.

Vifungu vitatu vya mkataba huo vinahusu moja kwa moja suala la kujitetea. Kifungu cha 12 kinamtambua kila mwenye ulemavu kuwa ni mtu kamili mbele ya sheria, anayeweza kumiliki na kurithi mali na kusimamia pesa zake. Kifungu cha 19 kinampa haki ya kuishi katika jamii na kuchagua aishi wapi na na nani. Kifungu cha 29 kinalinda haki ya kupiga kura, pamoja na kusaidiwa na mtu aliyemchagua mwenyewe.

Kiini cha kifungu cha 12 ni tofauti kati ya kumsaidia mtu kuamua na kuamua kwa niaba yake. Anayesaidia hueleza jambo kwa lugha nyepesi, huonyesha faida na hasara, kisha husubiri jibu. Neno la mwisho hubaki kwa mwenyewe.

Mtaa unaweza kufanya nini

Mjini Bujumbura, kituo cha Akamuri kinafahamika kwa kuwafundisha watoto wenye ulemavu wa akili. Lakini masomo hufika mwisho, na utu uzima ni mrefu. Baada ya hapo mahali pa kujifunza ni mtaani: kazi za jamii za Jumamosi, timu ya mpira, kwaya, msikiti, sherehe za jirani, upatu. Anayepewa jembe Jumamosi pamoja na wenzake huonekana kama mkazi. Anayeweka akiba kwa jina lake hujifunza kuwa pesa hizo ni zake.

Kikundi cha kujitetea hakihitaji ofisi. Watu wachache wanaweza kukutana siku ileile na mahali palepale kila wiki, maana mazoea huwasaidia. Wanachama humchagua mwenyekiti miongoni mwao. Anayewasaidia huandika na kueleza, lakini hapigi kura. Katika nchi nyingi vikundi hivyo hutumia kadi za rangi: nyekundu ina maana "simama, sijaelewa", ya manjano "nenda polepole", na ya kijani "naafiki". Ajenda huandikwa kwa sentensi fupi, kila sentensi ikiwa na wazo moja, na picha pembeni.

Mazungumzo huanza na mambo madogo: kuchagua nguo, chakula au rafiki. Kisha hufuata mambo mazito: kupata karangamuntu, kulipwa kwa kazi, kuoa au kuolewa, kumwambia daktari palipo na maumivu.

Jambo jingine la kujifunza ni kusema hapana. Watu wengi wenye ulemavu wa akili wamefundishwa kutii kila anayewaamuru, na utii huo huwarahisishia kazi wenye nia ya kuwaibia, kuwapiga au kuwabaka. Anayejua kwamba mwili wake ni wake, na anayemjua mtu wa kumwendea akidhulumiwa, ana ulinzi ambao kufungiwa ndani hakuwezi kumpa.

Familia inaweza kuanza leo, bila fedha. Mtu mzima aitwe kwa jina lake. Mgeni anapouliza hali yake, aachwe ajibu mwenyewe, hata akichukua muda. Familia inapokaa kuzungumzia nyumba, matibabu au pesa, naye awepo. Kiongozi wa nyumbakumi anapowaita wakazi kwenye mkutano, amwite na yeye, na akishafika aulizwe maoni yake kama wengine.