Barabara Mpya ya Habari na Wale Wasioiona

Katika muongo wa 2010 barabara itokayo Vurra, mpakani mwa Kongo, ikapita Arua na Koboko hadi Oraba, mpakani mwa Sudan Kusini, ilitiwa lami. Urefu wake ni kilomita 92. Wenye magari walishukuru, wafanyabiashara walishukuru, na wagonjwa waliokuwa wakirushwarushwa njiani kwenda hospitali walishukuru zaidi. Lakini katika miaka hiyo hiyo barabara nyingine iliingia West Nile bila katapila wala kifusi. Barabara hiyo ni intaneti. Siku hizi raia wa Uganda huomba pasipoti kwa njia hiyo, hulipa kodi, hutafuta kazi na kusoma matangazo ya Serikali. Haina budi basi kuulizwa ni nani aliyeachwa kando ya barabara hii, na historia inafundisha nini juu ya namna ya kumpandisha.

West Nile ni nchi inayojua maana ya upofu. Kwa vizazi vingi ugonjwa wa usubi, unaoenezwa na inzi wadogo weusi wazaliwao katika mito iendayo kasi, uliharibu ngozi na macho ya wakulima wa Arua, Koboko na wilaya jirani. Mwaka 1987 kampuni ya Merck ya Marekani iliahidi kutoa bure dawa ya ivermectin, na mwaka 2007 Uganda ilitangaza azma ya kuutokomeza ugonjwa huo kabisa. Ushindi uliopatikana tangu hapo haukuletwa na dawa peke yake. Uliletwa pia na utaratibu. Vijiji vilichagua wagawaji wake vyenyewe, nao walimpima kila mtu kwa fimbo yenye alama ili kimo chake kiwaonyeshe idadi ya vidonge. Hata hivyo dawa hiyo huzuia upofu; haimrudishii macho aliyekwisha kuyapoteza. Wako pia waliopoteza viungo kwa mabomu yaliyotegwa ardhini wakati wa mapigano ya miaka iliyopita, na wako waliozaliwa viziwi. Hao wote ni raia, na habari za nchi ni haki yao.

Historia inaonyesha kwamba kila njia mpya ya habari huwafungulia watu wengine mlango na kuwafungia wengine. Kitabu kilichopigwa chapa kilimpa elimu mwenye macho na kumwacha asiyeona gizani. Mlango huo ulifunguliwa na Mfaransa Louis Braille, aliyepoteza macho akiwa mtoto, na ambaye mwaka 1824, akiwa kijana wa miaka 15, alibuni maandishi ya nukta zisomwazo kwa vidole. Nchini Uganda shule ya wasioona ya Madera, huko Soroti, ilianzishwa mwaka 1955. Kisha redio ya transista ikafika vijijini, na kwa mara ya kwanza mzee asiyeona wa Koboko akapata habari saa ile ile aliyoipata jirani yake mwenye macho. Lakini redio hiyo hiyo haikuwa na neno kwa kiziwi.

Intaneti ingeweza kuwafaa wote wawili. Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Uswisi, alipendekeza mtandao wa kurasa zilizounganishwa mwaka 1989, na kurasa za mwanzo zilikuwa maandishi matupu. Maandishi ya kompyuta yana sifa moja kubwa: yanaweza kugeuzwa kuwa sauti. Ziko programu zinazomsomea asiyeona kilichomo katika kioo cha kompyuta au simu. Mojawapo, iitwayo NVDA, ilianzishwa Australia mwaka 2006 na hutolewa bure. Lakini programu hiyo haina macho. Inasoma maandishi yaliyofichika nyuma ya ukurasa. Mtengenezaji akiweka picha bila maelezo, msomaji husikia neno "picha" tu. Akiweka visanduku vya kujaza bila kuvipa majina, msomaji hajui aandike jina lake wapi na umri wake wapi. Tangazo la kazi lililopigwa picha likabandikwa katika tovuti huwa kimya kama jiwe. Naye kiziwi akikuta hotuba ya video isiyo na maandishi chini yake, huona midomo ikicheza tu.

Dawa ya kasoro hizo imejulikana kwa muda mrefu. Mwezi Mei mwaka 1999 shirika linalosimamia viwango vya mtandao ulimwenguni lilitoa mwongozo wa kwanza wa tovuti zinazofikiwa na watu wote. Mwaka uliofuata ulimwengu ulipata funzo kutoka Sydney. Bwana Bruce Maguire, asiyeona, alishitaki kwamba tovuti ya Michezo ya Olimpiki ya mji huo haikusomeka kwake. Waandaaji walijitetea kwamba kuirekebisha kungegharimu mno. Tume ya haki za binadamu ya Australia ilikataa utetezi huo, mwezi Agosti mwaka 2000 iliamuru tovuti irekebishwe, na kwa kuwa amri hiyo haikutimizwa kikamilifu, mwezi Novemba iliamuru walipe dola 20,000 za nchi hiyo. Funzo ni wazi. Kuweka mlango mpana wakati nyumba inajengwa si gharama kubwa. Gharama ni kuubomoa ukuta baadaye.

Uganda haikosi sheria. Katiba ya mwaka 1995 inatambua haki na utu wa watu wenye ulemavu. Sheria ya mwaka 2006 iliitaka Serikali kukuza lugha ya alama na maandishi ya nukta katika habari za umma. Mwaka 2008 nchi iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao kifungu chake cha 9 kinaitaja intaneti waziwazi. Mwaka 2020 ilitungwa sheria mpya mahali pa ile ya 2006.

Lakini sheria haimsomei mtu ukurasa. Kijana asiyeona wa Arua anayetaka kuomba kazi, akikuta tovuti isiyosomeka, hana budi kwenda katika kibanda cha kompyuta na kumwambia mtu asiyemjua namba ya kitambulisho chake, neno lake la siri, na pengine hata ugonjwa wake. Akisubiri jamaa wa kumsaidia, tarehe ya mwisho hupita. Siri ya mtu ni sehemu ya heshima yake, na asiyeweza kuilinda amenyang'anywa kitu kikubwa kuliko kazi aliyoikosa.

Wako watakaosema kwamba hayo ni mambo ya nchi tajiri. Ni kweli kwamba West Nile ilikaa miaka mingi nje ya gridi ya Taifa, na njia kuu ya umeme ilifika Arua mwaka 2024 tu. Ni kweli pia kwamba simu nyingi ni ndogo na bando ni ghali. Lakini hoja hiyo inawageukia wanaoitoa. Tovuti yenye maandishi safi, picha chache na maelezo kamili ni nyepesi. Inafunguka upesi katika simu ya bei nafuu, na inasomeka juani sokoni. Inayomfaa asiyeona humfaa pia mkulima. Isitoshe, eneo ambalo umeme ndio kwanza unafika, na ambalo ofisi nyingi bado hazijajenga tovuti, lina nafasi ya kujenga vizuri tangu mwanzo.

Utaratibu ulioushinda usubi unafaa hapa pia. Kwa sheria, mabaraza ya wilaya yana wawakilishi wa watu wenye ulemavu. Hao wasiitwe siku ya kukata utepe. Waitwe kabla ya mkataba kutiwa sahihi. Mtengenezaji wa tovuti ya ofisi ya umma asilipwe fungu la mwisho mpaka asiyeona ameijaza fomu yake peke yake, na kiziwi ameielewa video yake. Jaribio hilo ni la saa chache. Likifanywa Arua na Koboko, kijana yule ataandika neno lake la siri mwenyewe, na hakuna mwingine atakayelijua.