Akina Mama wa Uhuru Park: Sala Iliyokataa Kwenda Nyumbani



Mara nyingi tunafungua vikao vyetu vya kudai haki kwa sala fupi, kisha tunaiacha mlangoni na kuingia katika mabishano. Historia ya Kenya yatuonyesha kuwa sala ya pamoja yaweza kuwa nguzo ya harakati yenyewe.

Tarehe 28 Februari 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa, wakifuatana na Wangari Maathai, walimwendea Mwanasheria Mkuu kudai wana wao waachiliwe. Kisha wakaketi katika bustani ya Uhuru Park, Nairobi; wakafunga kula, wakawasha mishumaa, wakaimba na kusali. Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia kwa virungu na mabomu ya machozi. Maathai alipigwa hadi akazirai. Baadhi ya akina mama walivua nguo mbele ya askari, ishara nzito ya laana ya mzazi.

Kesho yake ilikuwa Jumatano ya Majivu. Bustani ilikuwa imezingirwa, nao wakageukia Kanisa Kuu la Kianglikana la All Saints, lililo jirani, wakapokewa katika ukumbi ulio chini ya kanisa. Huko waliendelea na madai yao kwa takriban mwaka mmoja. Kufikia mwanzoni mwa 1993, wengi wa wafungwa hao walikuwa wameachiliwa.

Tukiri ukweli: sala haikuzuia virungu. Wala haikuwa peke yake, kwa maana madai ya mageuzi yalikuwa yamepamba moto nchini kote. Lakini mama anayemlilia mwanawe peke yake ni rahisi kumnyamazisha. Wanaofunga pamoja wana njaa moja. Wanaosali pamoja hujifunza majina ya watoto wa wenzao. Na anayemwombea mtoto wa mwenzake kila siku, ataona vigumu kwenda zake siku wa kwake akifunguliwa.

Basi tujiulize katika jumuiya zetu ndogo ndogo: tunapodai maji, ardhi au haki ya mnyonge, je, tunasali ili kikao kianze, au tunasali ili tusimwache mwenzetu njiani?